Pole Ambayo Waziri Hakuitoa

Sega, Siaya
9 Novemba 2020

Mwalimu Tajudin,

Nakusalimu kutoka huku kwao marehemu mume wangu. Mimi ni yule mama wa Bukoto, muuza nguo za watoto, uliyenitafsiria mbele ya Waziri mwezi uliopita, siku kamati ya wabunge ilipokaa Naguru, Kampala, kusikiliza malalamiko ya watu kuhusu korona na uchaguzi. Pengine umenisahau, maana siku ile uliwatafsiria wengi. Mimi sijakusahau. Naitwa Loice Nabangala, Mama Whitney.

Mpaka wa Uganda na Kenya ulipofunguliwa nilikuja huku kwa mama mkwe wangu, Mama Rosalba. Yeye hakumwona mwanawe akizikwa. Sylvanus, fundi wa kuchomelea vyuma, tulimzika hukohuko Kampala mwezi wa nne, watu sita kaburini, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuvuka. Kwa Wajaluo, mwanamume kuzikwa ugenini ni aibu kubwa, na mjane ndiye huulizwa. Niliogopa kuingia hapa bomani. Lakini niliingia na neno moja ulilonipa wewe. Nilimwambia, Mama, Waziri mwenyewe alinipa pole mbele ya watu. Alisema jambo lile halikupaswa kutokea, na atalifuatilia.

Mama alilia, halafu akaomba chakula. Wanasema hakuwa amekula vizuri tangu Aprili.

Sasa nauliza. Siku ile nilikuwa natetemeka, kipaza sauti kilikuwa na mwangwi, na Kiingereza changu ni cha salamu tu. Waziri alisema majibu yatakuja lini? Watatuma barua ama nirudi Kampala? Wewe unawajua watu wa kamati. Simu huku inashika mpaka upande mlimani, na maneno ya simu yanapotea, ndiyo maana nimeandika. Jibu mpe Olweny, dereva wa lori la chumvi. Hupita Katwe kila wiki mbili.

Mungu akuzidishie. Ulinibebea maneno yangu.

Loice Nabangala


Katwe, Kampala
25 Novemba 2020

Kwa Bi Loice, Mama Whitney, mwenye heshima zake,

Baada ya salamu nyingi, barua yako imenifikia na nimeisoma zaidi ya mara moja. Nifikishie pole zangu kwa Mama Rosalba. Mwambie hata sisi Waislamu wa Katwe tunafaidi kazi ya mikono ya Wakenya. Mlango wa madrasa yangu ulichomelewa na fundi wa kwenu. Huenda ni marehemu, huenda ni mwingine, lakini kila ninapoufungua nitamwombea.

Kuhusu Waziri, bibie, uchaguzi wa Januari umewashika wakubwa wote. Nilimdokezea Bi Adyero, karani wa kamati, naye akasema mafaili ni mengi na kila moja lina zamu yake. Nakuomba uwe na subira. Serikali ni kama mzee mwenye miguu mizito, hufika lakini hafiki kwa haraka.

Usijisumbue kurudi Kampala kwa ajili hii.

Wako katika heshima,
Tajudin


Sega
14 Desemba 2020

Mwalimu,

Asante kwa kumsukuma Bi Adyero. Huku habari imeenea. Jumapili padri alinisimamisha kanisani nieleze jinsi Waziri wa Uganda alivyompa pole mjane wa kigeni. Nilieleza. Watu walipiga makofi. Hata shemeji zangu, waliokuwa hawanisalimu, walikuja kunishika mkono.

Mama Rosalba ana ombi. Anasema maneno yaliyosemwa tu yanaweza kukanwa. Anataka yaandikwe, kwa vile yeye hana kaburi la kuonyesha watu. Nilimwambia wewe una mhuri wa ukalimani, niliuona siku ile mezani kwako. Tafadhali tuandikie maneno ya Waziri kama alivyoyasema, uweke mhuri. Kwako ni kazi ndogo.

Loice


Katwe
22 Desemba 2020

Bi Loice,

Karatasi uliyoomba imo ndani ya bahasha hii, kwa hati yangu na mhuri wangu.

Nakusihi ibaki nyumbani. Isipelekwe ofisi yoyote.

Tajudin


Bukoto, Kampala
1 Februari 2021

Mwalimu Tajudin,

Mimi ni Whitney, binti wa Loice na Sylvanus Oyugi. Mama alivyokwenda Siaya mimi nilibaki hapa, nasuka nywele saluni. Mteja wangu mmoja anafanya kazi redioni. Walirekodi kikao chote cha Naguru. Nilimwomba nisikie sauti ya mama yangu, nikidhani nitafurahi. Nimeisikiliza mara nne. Nimeandika hapa kila kitu, na cha Kiingereza nimekiweka kwa Kiswahili, usije ukasema sikuelewa.

Mama alisema hivi:

"Mheshimiwa, mwezi wa nne mume wangu alikazwa na ngiri. Daktari alisema kwa simu apasuliwe siku hiyohiyo. Jirani alikuwa na gari, lakini mlisema gari halitembei bila kibali chenu. Nilipanga foleni ya kibali tangu saa mbili asubuhi. Saa kumi sikuwa nimefika dirishani, na mume wangu akafa kwenye toroli la kubebea vyuma, wenzake wakimsukuma kwenda hospitali. Mwezi wa tisa niliona malori ya chama chako yamejaa watu, yanawapeleka kwenye kura za mchujo, na wewe umesimama juu ya gari unawapungia mkono. Ugonjwa ni uleule. Ile sheria iliyomnyima mume wangu gari moja ilikwenda wapi? Na nyinyi nani aliwapa kibali?"

Wewe ukamwambia Waziri hivi:

"Mama huyu anaishukuru serikali kwa juhudi zake dhidi ya ugonjwa. Amefiwa na mume. Anaomba kufahamishwa utaratibu wa kupata kibali cha gari kwa mgonjwa, na kama siku ya kupiga kura usafiri utaruhusiwa."

Waziri akajibu:

"Namshukuru mama kwa kutambua kazi ya serikali. Utaratibu ulitangazwa redioni, na waliofuata utaratibu walisaidiwa. Siku ya kura, magari yenye kibali yatatembea."

Halafu ukamgeukia mama ukampa ile pole.

Hapo katikati kuna mtu anasikika akicheka. Mama aliniambia kuna mtu alimcheka Kiswahili chake. Sasa najua mtu yule alikuwa anaelewa lugha zote mbili.

"Waliofuata utaratibu walisaidiwa." Baba yangu, Mwalimu.

Mama bado hajui. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi umwambie wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Usipomwambia nitakwenda Siaya na rekodi.

Whitney Oyugi


Katwe
12 Februari 2021

Bi Loice,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nitasema jambo lenyewe kwanza, maana nikianza na salamu sitafika.

Waziri hakukupa pole. Hakusema jambo lile halikupaswa kutokea. Hakusema atafuatilia. Maneno yale ni yangu mimi. Na kabla ya hapo, swali lako sikumfikishia. Uliuliza sheria ilikwenda wapi, nami nikamwambia unaishukuru serikali na unaomba kujua utaratibu. Yeye akajibu kwamba waliofuata utaratibu walisaidiwa. Whitney ana rekodi, na kila neno aliloliandika ni kweli. Yeye ndiye aliyenilazimisha kusema. Ningependa kukwambia kwamba ningesema bila yeye, lakini tangu barua yako ya kwanza miezi mitatu ilipita na sikusema.

Bi Adyero sikumwuliza chochote mwezi wa kumi na moja. Nilikuongopea. Ile karatasi yenye mhuri niliiandika mchana kweupe, baada ya sala ya adhuhuri, nikijua ninachofanya.

Utauliza kwa nini. Siku ile, ulipoanza kutaja malori ya chama, niliwaona askari wawili mlangoni wakitazamana. Nilifikiri, huyu ni mgeni, si raia, anauliza mambo ya uchaguzi, watamfuata hadi kwake. Nikasema moyoni, nimkinge. Huo ndio udhuru niliojipa nilipokuwa narudi nyumbani, na nusu yake ni kweli.

Nusu nyingine ni hii. Mimi nimezaliwa hapa Kampala. Babu wa babu yangu alikuja Buganda na msafara kutoka pwani, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho cha kumbembelezea mtoto. Lakini nilikua nikiona majirani wakikiogopa. Kwao kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya mwenye bunduki anayekwambia lala chini. Vita viliisha mwaka wa themanini na sita, mimi kijana wa miaka ishirini na minne, na hofu ile haikuisha. Nimefundisha miaka thelathini nikingoja mtu mkubwa aniite aseme, Mwalimu, tunahitaji Kiswahili chako. Siku kamati iliponiita nilipiga pasi kanzu mara mbili. Asubuhi Bi Adyero aliniambia, ukifanya vizuri tutakuwa tunakuita. Ulipofungua kinywa, Bi Loice, ulisema maneno makali kwa Kiswahili, nami niliona haya. Niliona haya kwa ajili yako. Nilitaka Waziri asikie kwamba lugha yetu ni ya watu wenye adabu.

Haya ile niliielekeza mahali pasipo pake.

Juzi nilimweleza mke wangu, Nusura. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulimtolea Waziri pole ambayo hakuwa nayo, na ukamnyang'anya mama wa watu swali alilokuwa nalo."

Sikuombi msamaha. Naona nikiuomba nitakuwa nimekupa kazi nyingine ya kunifanyia.

Tajudin


Sega
8 Machi 2021

Mwalimu Tajudin,

Barua yako niliisomea shambani, nikakaa chini hapohapo kwenye mihogo.

Mimi si mtu wa kusema. Jinsi Sylvanus alivyokufa nilikuwa sijamweleza mtu yeyote kwa ukamilifu, hata Whitney nilimpunguzia. Nilijikaza nikayasema siku ile Naguru, mara moja, mbele ya watu wasionijua. Wiki nzima nilikuwa nayarudia peke yangu nikipanga nguo sokoni ili nisikosee. Ulichukua hayo. Ungekataa kunitafsiria ningejua nimekataliwa.

Unasema uliona haya kwa ajili yangu. Sasa mimi ndiye mwenye haya. Nilisimama kanisani. Nilipigiwa makofi. Nikipita njiani wananiita yule aliyeombwa radhi na Waziri. Karatasi yako Mama Rosalba ameiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na kila mgeni akija humwonyesha. Hajui kusoma. Huonyesha mhuri.

Sijamwambia. Nimejaribu mara mbili, nikaishia kuzungumzia mihogo.

Nataka kitu kimoja kwako. Rudi kwa hao watu ukaseme nilichosema. Chote, na malori, na toroli. Halafu uniletee jibu lake kama lilivyo, hata kama ni tusi. Usinichagulie.

Loice Nabangala


Katwe
5 Mei 2021

Bi Loice,

Nimefanya ulivyoagiza. Nakueleza kama ilivyokuwa, bila kupunguza wala kuongeza.

Nilikwenda kwa Bi Adyero nikamweleza. Alifunga mlango wa ofisi. Akaniuliza kama nina akili timamu, maana mkalimani akikiri kwamba alipotosha maneno kikaoni, jina lake linafutwa kwenye orodha. Nikamwambia nalijua hilo. Akanipa karatasi, nikaandika tamko, nikatia sahihi. Jina langu limefutwa, na mhuri nimeurudisha.

Kamati ilikuwa na kikao kimoja cha mwisho kabla ya muda wa Bunge kwisha, tarehe ishirini Aprili. Waziri aliitwa kujibu mambo yaliyobaki. Bi Adyero aliliweka langu mwishoni kabisa. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Mwenyekiti alisema kuna marekebisho ya kumbukumbu, nikaitwa mbele.

Niliyasoma maneno yako kwa Kiingereza. Whitney alinisaidia kuyahakiki kutoka kwenye rekodi, na alikuja, akakaa nyuma, hakunisalimu. Nilipofika kwenye toroli niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Mwenyekiti akanipa maji. Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka pale unapouliza nani aliwapa kibali.

Waziri alisema, "Hili nililijibu mwaka jana."

Nikasema, "Mheshimiwa, mwaka jana ulijibu swali langu. Hili ndilo la kwake."

Akageuka akamwuliza msaidizi wake, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na sote tulisikia: "Huyu mama ni mpiga kura wetu?" Msaidizi akasema ni Mkenya. Waziri akafunga faili. Alisema wakati wa janga kila mtu alipoteza, kwamba kanuni za mikutano ya kisiasa zilitolewa na wengine wala si wizara yake, na kwamba haoni faida ya kufukua mambo ya zamani.

Huo ndio mwisho wa maneno yake. Hakuna pole ndani yake. Nimetafuta.

Mwenyekiti alimwagiza alete jibu la maandishi kwa siku kumi na nne. Zimetimia jana na jibu halijaletwa. Bi Adyero anasema Bunge hili linavunjwa, na halitaletwa. Lakini swali lako sasa limo kwenye kumbukumbu kama ulivyolisema, na tamko langu limebandikwa juu yake. Mtu yeyote akifungua atakuta jina lako, na jina la Sylvanus, na jina langu na nilichokitenda.

Nilipotoka nje Whitney alikuwa amesimama getini. Aliniambia, "Umesoma vizuri." Kisha akaenda zake.

Mitaani watu wameanza kujua. Mzazi mmoja amemtoa mtoto wake madrasa. Wewe sikulaumu, wala huyo mzazi simlaumu.

Tajudin


Sega
30 Mei 2021

Mwalimu,

Barua yako ilifika siku ya soko. Mama Rosalba alimwona Olweny akinipa, akajua imetoka Kampala. Akaleta kigoda akakaa mbele yangu, akasema nisome. Yeye hajui Kiswahili, kwa hiyo nilikuwa nasoma moyoni kwanza, halafu natoa kwa Kijaluo.

Nilianza na ile ya kwamba umefutwa kwenye orodha. Akauliza, amefanya nini? Ikabidi nirudi nyuma kabisa. Nilimwambia yote, hata kanisani, hata ile karatasi. Alisikiliza akiwa ameshika magoti.

Nilipofika mahali Waziri anauliza kama mimi ni mpiga kura wao, nilinyamaza. Nilikuwa nimeshapata neno lingine la kuweka pale. Lilikuja lenyewe, laini, tayari kinywani. Ningeweza kusema Waziri aliuliza huyu mama anatoka wapi. Mama ana miaka themanini na moja, kwa nini nimwumize? Nilikaa hivyo mpaka akasema, "Mbona umesimama?"

Nikamwambia kama lilivyo. Hili nakuandikia kwa sababu nadhani unastahili kujua kwamba jaribu lile lilinifikia na mimi. Kukusamehe bado. Sijui kama nitafika huko, na sitaki uwe unaniuliza.

Jumapili iliyofuata nilimwomba padri nafasi. Nilisimama palepale nikasema nilichokuwa nimesema mwanzo hakikuwa kweli, na nikaeleza kilichotokea. Hakuna aliyepiga makofi. Shemeji zangu walitoka mapema. Mama Rosalba alibaki ameketi, akanisubiri, tukarudi nyumbani pamoja, polepole kwa sababu ya miguu yake.

Njiani alisema anataka kuja Kampala kuliona kaburi. Nilimwambia ni mbali, mwili wake hautaweza. Akasema ameshaamua, na akifika atamtafuta Waziri amwulize mwenyewe, yeye aliyemzaa Sylvanus. Nikasema, Mama, mawaziri hawatafutwi hivyo, na huenda huyo ameshaondolewa. Akasema basi atamwuliza aliyekalia kiti chake. Halafu akaniuliza, "Anajua Kijaluo?"

Nikasema hajui.

Tutakuja barabara ikiruhusu. Swali lake mimi nitalitoa kwa Kijaluo niliweke kwa Kiswahili. Kutoka hapo kwenda Kiingereza, Whitney anasema yeye atalia katikati. Nimefikiri sana, Mwalimu. Mwingine simjui.

Loice Nabangala